Nimehamia Kalacha, mchana sioni mnyama lakini asubuhi mchanga umejaa nyayo. Hawa hukaa wapi?

KutokaButere
Wakuu habarini. Mimi ni mwalimu, tangu Januari niko Kalacha huku Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na kwetu ni Butere, kwa hivyo elewa mshtuko wangu, kwetu ukitema mbegu ya papai dirishani baada ya wiki mbili unatafuta jembe. Huku ukitoka nyuma ya nyumba za walimu ni Chalbi yenyewe, uwanja mweupe wa chumvi mpaka macho yanachoka, jua likipanda upepo unaanza na vumbi linaingia hadi kwenye unga wa ugali, na vitu vyenye uhai naonanga ni ngamia, mbuzi na wale watoto wangu wa darasa la sita.

Sasa swali. Kila asubuhi nikienda chooni mchanga umeandikwa. Kuna vidoti vidogo vidogo kama mtu amepita akidunga na ncha ya kalamu, kuna za kitu kilichokua kinarukaruka, kuna za kama mbwa mdogo, kuna mstari kama mtu ameburuta kamba, na juzi kulikua na nyayo kubwa sitaki hata kuzifikiria, zimezunguka nyumba mara mbili halafu zikaenda zao. Mchana natembea hapo hapo hakuna kitu. Nimeuliza watoto wanacheka tu, "mwalimu, ni wenyewe." Wenyewe nani??

Hawa wanyama hukaa wapi na wanakunywa nini, maana maji yenyewe hata sisi tunapanga mitungi? Na kuna kichaka karibu na ofisi tangu nije sijakiona kikinyeshewa na ni kijani kunishinda. Nimegugo nikaletewa Sahara na mbweha wa masikio makubwa wa Misri, mimi nataka ya hapa.

dereva_wa_usiku
Ngamia anabeba maji kwa nundu hiyo tunajua. Hao wengine sijui. Omba uhamisho mwalimu 😂

Gaala_Saba
Mwalimu karibu kwetu. Mimi ni wa Maikona ingawa sa hizi niko Nairobi natafuta unga.

Kwanza huyo dereva hapo juu. Ndugu yangu, nundu ni mafuta. Tumechinja ngamia tangu enzi za babu wa babu, ingekua maji tungechota. Ngamia akikaa njaa nundu inalala upande kama mfuko wa nailoni, si kwa kiu, ni kwa kukosa majani. Maji yake ni mwili mzima. Kiangazi tunampeleka kisimani siku ya kumi hivi, saa ingine zaidi, anakuja mbavu zinahesabika, anainamisha shingo anaanza kuvuta, wewe wa kuinua ndoo ndo unachoka, lita mia na kitu zinaenda kabla chai haijachemka na unamwona anajaa ukimwangalia. Wanyama wengi ukiwapa hivyo wanakufa. Na mvua ikinyesha majani yakawa mabichi hata kisima hataki, miezi inaenda anakunywa majani tu. Ile chumvi ya Chalbi mnaiona ni balaa, kwake ni chakula, ngamia bila chumvi anakonda na anapata magonjwa ya ngozi, ndo maana unaona makundi yanaletwa hapo Kalacha kutoka mbali.

Sasa nyayo zako. Vidoti vya kalamu ni mende ama nge. Za kurukaruka ni panya wale wa mchangani wenye mkia mrefu na kishungi mwishoni. Za mbwa mdogo ni mbweha ama yule mwenye masikio mapana anakula mchwa. Zile kubwa ni fisi, kwetu kuna yule wa milia, ni mwoga sana, anatembea peke yake, alikuja kwa mifupa ya mbuzi mliotupa nje Jumapili, usikatae.

Kamba ndo nataka usikie vizuri. Kuna nyoka mdogo, urefu hata mkono mzima haufiki, rangi ya mchanga, ukimkaribia hakimbii, anajikunja na kusugua magamba yake, unasikia kama mafuta yanakaangwa. Hiyo sauti ni onyo. Akiuma usikate, usinyonye, usifunge kamba, tafuta gari uende hospitali hata kama unajiona mzima, sumu yake inazuia damu kuganda, leo unatembea kesho fizi zinavuja. Kiatu kikung'ute kabla hujavaa, usiku usitembee na slipa, usiingize mkono chini ya jiwe. Basi. Ukifuata hayo utazeeka huko.

MstaafuWaMaabara
Mwalimu mwenzangu nimefundisha biolojia miaka 31, nyingi karibu na Nakuru, na kila mwaka nilikua nachora jangwa ubaoni na chaki. Wewe umepewa lenyewe na unalalamika!

Jibu la swali lako liko chini ya miguu yako, sio mfano wa maneno, chini kabisa. Uso wa mchanga saa nane mchana unaweza kupita nyuzi 60, hapo yai linaiva. Lakini mchanga hausafirishi joto haraka, ukishuka nusu mita tu unakuta hali ni tofauti kabisa, ukienda mita moja usiku na mchana karibu ni sawa. Kwa hiyo hao "wenyewe" wako hapo hapo unapotembea, wamelala chini yako. Tena shimoni hewa ina unyevu, panya akipumua ule mvuke haupotei, unabaki humo na hata mbegu alizohifadhi zinaunyonya, akizila anarudishiwa pumzi yake mwenyewe. Halafu mbegu ikisagwa mwilini na kuchomwa na oksijeni inatoa maji, ile ile hesabu ya upumuaji unayofundisha, upande wa kulia wa mlinganyo kuna H2O watoto wanaikariri bila kujua kuna mnyama anaishi kwayo. Mkojo wake ni tone zito na kinyesi ni kikavu. Panya kama huyo anaweza kuzaliwa na kuzeeka bila kunywa.

Wakubwa hawawezi kuchimba, kwa hiyo wana ujanja mwingine. Chukua choroa, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Mwanadamu akifika nyuzi 42 tunaita jamaa, choroa anaacha mwili upande mpaka karibu 45 kwa makusudi, kwa sababu kutoa jasho ni kumwaga maji na yeye hana ya kumwaga. Joto analihifadhi mchana analiacha liende usiku bure. Ubongo ungekua umeiva, ila damu inayopanda kichwani inapita kwanza kwenye wavu wa mishipa midogo iliyopakana na damu iliyopozwa puani, inafika juu ikiwa baridi kidogo. Hayo ya joto la choroa ni mtafiti C. Richard Taylor aliyafanyia kazi hapa hapa Kenya miaka ya 1960. Na aligundua kitu kilichonifurahisha zaidi, kwamba kuna vichaka ambavyo mchana majani yake ni makavu ya kuvunjika mkononi, lakini usiku hewa ikipoa majani hayo yaliyokufa yanafyonza unyevu wa hewa, na choroa akila usiku anakua anakula na kunywa kwa mdomo mmoja. Ukila saa nane mchana unakula karatasi, ukila saa nane usiku ni mboga. Swala twiga naye hutamwona kisimani, anasimama kwa miguu miwili anachagua vichipukizi vya juu vyenye maji.

Nipe kipimajoto na jembe wiki moja na hao watoto wako ningewaharibu kabisa wasitake somo lingine.

Gaala_Saba
Mzee hiyo ya choroa kula usiku wazee wetu wanaijua, mbuzi pia kiangazi tunawatoa mapema sana kabla jua halijagusa majani. Choroa wenyewe sa hizi ni wa kutafuta. Baba yangu anasema walikua wanachanganyika na ngamia malishoni, bunduki zikaingia na kila kitu chenye pembe kikapungua.

BintiMatrah
Assalam alaykum nyote. Mie nipo Muscat, wazee wangu walitoka Unguja, jangwa nimelijua ukubwani na wallahi mwanzo nililia kama huyo mwalimu.

Huyo choroa wenu ana ndugu yake huku, mweupe kama kanzu, wanamwita al-maha. Alimalizwa kabisa porini, wa mwisho 1972, huko huko Oman kwenye Jiddat al-Harasis. Bahati walikuwepo waliochukuliwa mapema wakafugwa Marekani na kwengineko wakazaana, 1982 wakarejeshwa pale pale, na walinzi wakawekwa Waharasis wenyewe, wenye jangwa lao. Wakafika mia nne na kitu katikati ya miaka ya 90, UNESCO ikaiweka hifadhi kwenye urithi wa dunia 1994. Kisha majangili wakarudi, safari hii si kwa nyama, ni kuwakamata hai kuwauza kwa matajiri wenye mabustani ya wanyama. 2007 UNESCO ikaifuta hifadhi kwenye orodha, ya kwanza duniani kufutwa, kwa sababu wanyama walibaki 65 tu na hifadhi yenyewe imekatwa asilimia 90. Nimelisema hili kwa kuwa watu hudhani jangwa linaua wanyama. Jangwa lilimuweka yule maelfu ya miaka.

Na maji yao pale ni ukungu. Mvua hupita mwaka na zaidi haijaonekana, lakini usiku ukungu huingia kutoka baharini ukaganda kwenye majani na manyoya, asubuhi wanyama wanaramba. Ukienda Dhofar wakati wa kharif, Juni mpaka Septemba, milima yote kijani na manyunyu, ukivuka mgongo wa mlima tu upande wa pili ni jangwa kavu na huko ndiko mti wa ubani ulipo, unyevu hautaki kabisa. Wanaukwangua gome, unatoa machozi, yanakauka, ndio ule tunaofukizia.

Mwalimu hebu kieleze hicho kichaka chako, kina miba?

KutokaButere
Asanteni sana jamani, sikutarajia. Dada ndio kina miba mirefu, majani madogo madogo kama ya mkakaya, na maganda ya manjano kama maharagwe yaliyonyooka, mbuzi wanayagombania. Kivuli chake ni kizuri, mwalimu mkuu anakaa hapo kusahihisha.

nyuki_wa_marigat
MATHENGE!!! Mwalimu hicho si kichaka ni kesi. Nasema kesi kwa sababu sisi wa Baringo tulienda nacho kortini. Kililetwa miaka ya 80 kuzuia jangwa, wazee wakaambiwa ni kuni na kivuli na chakula cha mifugo, ndani ya miaka michache kikafunga malisho, kikafunga njia za kwenda ziwani, mwiba unatoboa tairi mpaka unatoboa gamubuti, na hayo maganda matamu unayosema sukari yake inaoza meno ya mbuzi mpaka anabaki na fizi tupu anashindwa kula anakufa njaa katikati ya majani. 2006 watu walishtaki serikali na wakapeleka mbuzi kibogoyo kortini kama ushahidi. Kenya nzima ilicheka. Sisi hatukucheka.

Kuhusu kuishi bila mvua, mzizi wake haujui mvua ni nini, unashuka kutafuta maji ya chini. Huko Arizona machimbo yalipofukuliwa walikuta mizizi ya jamii hii mita 50 na zaidi chini ya ardhi. Umeweka kisima chako cha mita 20 hapo jirani, yeye ameshakupita. Ng'oa kingali kimoja.

BintiMatrah
Huyo huyo tunaye na huku wanamng'oa kila siku. Ila ana binamu wa asili hapa, mghafu, ghaf wanauita, ukiuona unaweza kudhani ni yeye lakini tabia mbali mbali. Ghaf hausambai ovyo, mizizi nao inashuka mbali, ngamia wanakula matawi ya chini mpaka mti unaonekana umekatwa kwa mkasi sawasawa, na Mabedui hukutana chini yake. Emirates wameufanya mti wa taifa lao. Ukoo mmoja, mmoja sheikh mmoja jambazi.

Gaala_Saba
Mimi sikubaliani na kung'oa haraka. Nyuki nakuelewa, Baringo mna ziwa na udongo mzuri, kule mathenge alipata mteremko. Kwetu upande mwingi hakuna mti mwingine umebaki wa kujengea zizi, akina mama wanatembea kutwa nzima kutafuta kuni. Akatwe, achomwe makaa, maganda yakusanywe kabla mbuzi hawajayala mazima na kupanda mbegu kwa mavi, lakini ukiniambia ng'oa halafu unaniachia upepo, hapana.

nyuki_wa_marigat
Hata sisi tulisema hivyo mwaka wa kwanza.

MstaafuWaMaabara
Msigombane, mpande miti iliyokuwepo kabla yake. Hapo Kalacha kuna mikoma, hiyo kama minazi inayogawanyika matawi, haifuati mvua inafuata maji ya chini, ukiona mkoma umesimama jua maji yapo karibu. Kuna mswaki, ndio huo huo tunaochongea miswaki, unavumilia chumvi ambayo ingeua mahindi yenu yote ya Butere na uko kijani mwaka mzima. Kuna mgunga. Polepole yote, lakini haijawahi kumpeleka mtu kortini.

Na mwalimu usisahau mimea isiyoonekana. Hapo kwenye uwanja mweupe unaodhani umekufa, kando kando kuna mbegu zimelala miaka. Nyingine zina kemikali kwenye ganda inayozuia kuota, manyunyu ya kudanganya hayatoshi kuiosha, mpaka inyeshe ya kweli. Ikinyesha ndani ya wiki chache zimeota zimetoa maua zimeangusha mbegu zimekufa. Mshubiri na wale jamaa wa mnyaa wao wanafunga matundu yao madogo ya hewa mchana na kuyafungua usiku, wanavuta hewa ya kaboni gizani wanaiweka akiba mpaka jua litoke. Na tafadhali usiwaambie watoto kwamba ile mimea ya miba mirefu minene ni kaktasi. Kaktasi karibu wote ni wa Amerika, yule mpungate unaosumbua Laikipia ndio kaktasi, aliletwa.

Msafirishaji_Arusha
Aisee mada tamu. Mimi naongoza wageni, huku Tanzania jangwa kamili hatuna, tuna lile rundo la mchanga mweusi pale Ngorongoro karibu na Olduvai, majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, linahama lenyewe kwa upepo mita kadhaa kila mwaka na wameweka vigingi kuonyesha lilipokuwa. Wageni wanalipenda kuliko simba saa zingine, sijui kwa nini.

Ila mwalimu kama unataka mnyama wa mchana, asubuhi jua likishachomoza vizuri nenda kwenye chemchemi ukae kimya. Utasikia kabla ya kuona, kuna ndege wanaitwa firigogo, wanakuja kwa makundi kama njiwa wenye haraka, wanatua mbali kidogo wanatembea kwa miguu hadi majini, wanakunywa chap wanaondoka. Mwangalie dume wakati wa vifaranga. Hanywi tu, anaingia majini tumbo lote na kujitikisa kama anaosha shati, manyoya ya tumboni kwake yameumbwa kunyonya maji kama sifongo, halafu anaruka kilomita nyingi jangwani na vifaranga wanakuja kumnyonya tumboni. Baba huyo!! Mimi wa kwangu nikisahau maziwa dukani ni ugomvi mpaka asubuhi.

dereva_wa_usiku
Sawa nimekubali nundu ni mafuta. Lakini nyinyi wote hamjasema kwa nini ngamia hafi akinywa zote hizo mara moja

MstaafuWaMaabara
Swali zuri kijana. Chembe zetu nyekundu za damu ni duara, ukiingiza maji mengi ghafla zinavimba na kupasuka. Za ngamia zina umbo la yai, zinavimba sana kabla ya kufika kupasuka, na zikiwa na kiu zinapita bado hata damu ikiwa nzito. Anapoteza maji hadi robo ya uzito wake na anatembea. Wewe ukipoteza nusu ya hiyo tunakuchangia.

KutokaButere
Nimerudi na ripoti wakuu, pole nimechelewa netiwaki ilipotea siku tatu.

Nimefanya ile ya kipimajoto. Shule ina kimoja tu na nimekisainia kama gari la serikali. Saa nane mchana juu ya mchanga kilisimama 58, tukachimba mpaka kiwiko kikazama kikasoma 35, watoto walipiga kelele kama kuna goli. Kuna kijana mmoja wa Gabra hasemangi kitu darasani, siku hiyo ndo alikua mwalimu, alitembea hatua chache akanionyesha shimo la panya limezibwa na mchanga kutoka ndani, mimi ningepita juu yake miaka mitano. Akasema mchana anafunga mlango.

Firigogo nimewaona. Dume aliyelowesha tumbo bado, labda si msimu, nitaendelea kukaa. Mathenge kwa ofisi mjadala umefika kwa mwalimu mkuu, amesema atafikiria akiwa amekaa chini yake.

Sasa Gaala_Saba uliniandikia inboksi kwamba nge wanang'aa ukiwamulika na ile tochi ya zambarau ya kukagua noti bandia, nikadhani unanichezea kama mgeni. Jana usiku nikaazima ya yule jamaa wa duka la Mpesa, nikavaa gamubuti, nikazima taa nikafungua mlango. Wakuu. Wanang'aa kijani kama saa ya zamani. Mmoja kwa ukuta, wawili chini ya karai la kuoshea vyombo, mmoja juu ya jiwe ambalo nakaliaga nikipiga simu nyumbani. Nilihesabu 11 kati ya mlango na choo nikaacha kuhesabu, na choo sikufika.

Gaala_Saba
😂😂 Nilikuambia ni wenyewe. Sasa rudisha tochi ya watu.